Ufundi Unaompisha Mtoto

Mwaka 1882, katika jumba la opera la Bayreuth huko Ujerumani, mazoezi ya Parsifal yalikwama. Waimbaji walikuwa tayari, okestra ilikuwa tayari. Kilichokwama ni turubai. Katika sehemu ya kwanza ya opera hiyo, msitu hugeuka taratibu kuwa ukumbi mtakatifu huku wahusika wakitembea. Mafundi walikuwa wameichora safari hiyo yote kwenye turubai refu lililoviringishwa, ili livutwe nyuma ya waimbaji tangu miti ya kwanza hadi nguzo za ukumbi. Likaenda polepole kuliko ilivyotarajiwa. Muziki uliisha, na miti ingali inapita. Richard Wagner, mtunzi wa opera hiyo, hakuwa na hamu ya kuongeza chochote. Msaidizi wake, Engelbert Humperdinck, kijana wa miaka 27, akaandika mwenyewe muziki mfupi wa kuziba pengo, kwa mtindo wa bwana wake, bila kuacha alama ya mshono. Wagner akaukubali, ukapigwa. Mashine ya kulivuta turubai ilipokuja kurekebishwa, ukaondolewa.

Napenda kuanzia hapo ninapoizungumzia Hänsel und Gretel, opera ambayo Humperdinck aliitunga miaka michache baadaye, kwa sababu kisa hicho kinaonyesha alikuwa fundi wa namna gani. Aliandika muziki akijua kwamba nyuma ya pazia wapo watu wanaovuta kamba, na muda wao nao unahesabiwa. Tena alikubali kazi nzuri ya mkono wake isionekane. Opera nyingi za zama zake zilitaka zitazamwe zenyewe, ukubwa wake na uzito wake. Hii inampisha mtoto mbele, kisha inambeba.

Chanzo chake kilikuwa kidogo. Mwaka 1890 dada yake, Adelheid Wette, aliyekuwa akiishi Köln na mumewe daktari, alimwomba kaka yake atie muziki kwenye mashairi machache. Aliyaandika kwa ajili ya mchezo wa watoto wake mwenyewe, wa kuchezwa nyumbani. Hadithi ilikuwa ile ya ndugu wawili, Hänsel na Gretel, wanaopotea msituni wakaifikia nyumba ya bibi mchawi. Ndugu wa Grimm walikuwa wameichapisha mwaka 1812. Nyimbo zile chache zikazaa mchezo wa nyimbo na maongezi, mchezo ukazaa opera kamili, dada akitunga maneno na kaka akitunga muziki. Ilionyeshwa mara ya kwanza Weimar tarehe 23 Desemba 1893. Aliyeiongoza okestra alikuwa Richard Strauss, na mwaka uliofuata Gustav Mahler akaiongoza Hamburg. Watunzi hao wawili, ambao majina yao yangekuja kulifunika la Humperdinck, waliitambua thamani yake mapema.

Kazi ya Adelheid haisifiwi vya kutosha. Katika masimulizi ya Grimm, wazazi wanawatupa watoto msituni kwa makusudi, kwa kuwa chakula hakiwatoshi wote. Adelheid aliibakiza njaa, akauondoa ukatili wa kukusudia. Katika opera baba, Peter, ni mtengeneza fagio. Mama, Gertrud, anarudi nyumbani mikono mitupu na kuwakuta watoto wakicheza badala ya kufanya kazi. Katika purukushani ya kutaka kuwachapa, jagi la maziwa linaanguka na kuvunjika. Maziwa yale yalitoka kwa jirani, na ndiyo yaliyokuwa tegemeo la chakula cha jioni. Kwa hasira anawafukuza wakachume stroberi msituni. Kisha anabaki peke yake, anakaa mezani, analia na kumwomba Mungu ampe cha kuwalisha. Ndani ya nyumba hiyo hamna mwovu. Umo umaskini, yumo na mama aliyelemewa.

Halafu baba anaingia akiimba, amechangamka kwa kinywaji, fagio zake zote zimenunuliwa. Anafungua kikapu: nyama ya nguruwe, siagi, unga, soseji, mayai 14, maharage, vitunguu, hata kahawa robo ratili. Muziki unafurika furaha, mke na mume wanacheza. Ndipo baba anauliza watoto wako wapi. Chakula kimefika dakika chache baada ya njaa kuwafukuza watoto nyumbani, na mtunzi wa maneno hahitaji kulisema hilo. Amelipanga tu, kikapu kwanza na swali baadaye, na moyo wa msikilizaji unashuka wenyewe.

Pazia likishainuka, uimbaji unaanza kwa wimbo wa watoto wa zamani uliokuwa ukiimbwa majumbani mwa Wajerumani. Gretel anafuma soksi huku akiimba juu ya mabata bukini wasio na viatu. Ni wimbo ambao mtoto mdogo anaushika akiusikia mara moja. Chini yake kuna okestra aliyoirithi Humperdinck kwa Wagner: horni nne, tarumbeta, tromboni tatu, tuba, kinubi, timpani, na kundi zima la fidla na selo. Hatari iko wazi. Okestra ya ukubwa huo ina nguvu za kuuzamisha wimbo wa aina ile, na hata isipouzamisha, inaweza kuuonyesha kuwa ni kitu cha kipuuzi.

Humperdinck aliitatua hatari hiyo kwa uvumilivu. Aliuvunja wimbo vipande vidogo na kuzigawia ala moja moja. Gretel anapovuta pumzi, filimbi inammalizia sentensi. Fidla zinarudia noti zake tatu au nne kwa mwendo mwingine, selo zinazijibu kutoka chini, na kabla wimbo haujaisha umeshapita katika mikono mingi. Hiyo ndiyo mbinu ya Wagner, nyuzi za sauti zinazokutana, kuachana na kukutana tena, ila hapa haisimulii habari za miungu na mapanga. Okestra inazungumza kwa maneno ya mtoto mwenyewe, ikiyageuza na kuyaulizia. Anayesikiliza anausikia wimbo tu, kama anayekalia mkeka asivyoona ncha za ukili zilikofichwa.

Tazama pia pale Gretel anapomfundisha ndugu yake kucheza: piga miguu, piga makofi, tikisa kichwa. Mtunzi ameyatengea makofi na vishindo vya miguu nafasi ndani ya muziki wenyewe. Waimbaji wakichelewa nusu ya pigo, pengo linasikika ukumbi mzima. Wakiwahi, wanaikanyaga okestra. Hänsel anatakiwa aonekane mzito wa miguu, asiyeweza, na wakati huohuo mwimbaji wake asikosee hata pigo moja. Kuigiza kutokujua kucheza, kwa usahihi huo, kunataka mtu anayejua kucheza sana.

Na waimbaji hao ni watu wazima. Hänsel ni mwanamke, mezo-soprano aliyevaa kaptula. Gretel ni soprano. Wote wawili lazima wasikike hadi viti vya nyuma bila kipaza sauti, juu ya ala zote nilizozitaja, kwa sauti zilizofunzwa miaka mingi. Mwimbaji asiye na busara hujaribu kubana sauti ifanane na ya mtoto. Matokeo yake ni kukosa sauti na kumkosa mtoto pia. Wenye kuijua kazi huiacha sauti iwe ya mtu mzima, na utoto wanauweka mwilini. Mtoto anakaa sakafuni bila kuangalia anapokaa. Anaelekeza kifua chote kwa kile anachokitaka. Akichukizwa, anachukizwa mpaka kwenye vidole vya miguu. Ukiyaona hayo kwa dakika kumi za mwanzo, unaisahau sauti ni ya nani.

Sasa turudi kwa wavuta kamba. Mwisho wa sehemu ya kwanza, mama anataja mwamba wa Ilsenstein, ambao upo kweli katika milima ya Harz, na mumewe anamweleza juu ya mchawi anayekaa huko, anayewaoka watoto wakawa keki za asali na viungo. Wazazi wanakimbia kuwatafuta. Pazia linashuka, na okestra inaingia katika Safari ya Mchawi, muziki wa kishindo unaompandisha bibi yule kwenye ufagio wake. Nyuma ya pazia, nyumba lazima iwe msitu kabla muziki haujaisha. Kuta zinaburutwa pembeni, miti inashushwa kwa kamba kutoka juu, magogo na majani yanawekwa mahali pake. Tarumbeta na tromboni zinaimeza kelele yote hiyo. Lakini Humperdinck hakuishia kwenye kelele. Muziki unatulia hatua kwa hatua, mpaka unabaki mwanga laini wa jioni, Gretel ameketi anasuka taji la maua. Maana yake kwa mafundi wa jukwaa ni kwamba kazi nzito ifanywe mwanzoni, nyepesi katikati, na muziki unapofika kwenye utulivu kila mtu awe amesimama kimya. Fundi wa seti katika opera hii hana budi kuujua muziki kama anavyoujua mwimbaji. Aliyeziba pengo la turubai kule Bayreuth safari hii alilipima pengo tangu mwanzo.

Sehemu ya pili ndiyo hazina ya watu wa taa. Inaanza jua likizama na kuishia katika giza la usiku, na mtazamaji hatakiwi kuiona saa mwanga ulipobadilika. Taa zinapunguzwa kidogo kidogo mno, za rangi ya joto zikiondoka kabla ya zile za baridi. Watoto wanasikia ndege kekeo akiita kutoka mbali, wanamwigiza, na kila anapoita wanakula stroberi, mpaka kikapu kinakuwa kitupu. Wanapoinua macho, msitu umeshakuwa mweusi. Mtazamaji naye hushtuka pamoja nao, kwa kuwa alikuwa akiangalia stroberi.

Hofu inapoingia, Hänsel anapaza sauti gizani na mwangwi unamjibu. Mwangwi huo ni wanawake wa kwaya wanaoimba nyuma ya jukwaa. Hawamwoni kiongozi wa okestra moja kwa moja. Siku hizi hufuata mikono yake kwenye skrini ndogo. Sauti ya mbali huchelewa kufika ukumbini, kwa hiyo hawana budi kuimba kabla kidogo ya pale masikio yao yanapowaambia waimbe. Wakiyaamini masikio, wameshachelewa. Ni kazi ya mazoezi mengi kwa sekunde chache, na aliyekaa ukumbini anasikia msitu tu.

Anakuja mzee mdogo anayenyunyiza mchanga wa usingizi machoni, na watoto wanapiga magoti kwa sala ya jioni. Tumeshaisikia: ndiyo iliyofungua opera, kwa horni, kabla pazia halijainuka. Mtunzi aliiweka pale ili ulinzi utangulie hatari. Sasa sauti mbili zinatembea sambamba, ya Gretel juu na ya Hänsel chini, kwa upole ambao ni mgumu kuliko kupaza. Sauti iliyofunzwa kuvuka okestra inaombwa inong'one, na bado ifike nyuma ya ukumbi.

Watoto wanalala, na kuanzia hapo hakuna anayeimba. Kwa dakika tano hivi jukwaa limeachiwa okestra, taa na miili inayotembea. Maelekezo yanataka ukungu utande, upenywe na mwanga, mawingu yawe ngazi, na malaika 14 washuke wawili wawili wawazunguke watoto kwa mpangilio uleule uliotajwa katika sala: kichwani, miguuni, kulia, kushoto. Njia ya zamani ya kulifanya hilo ni pazia la shashi. Likimulikwa kutoka mbele huonekana ukuta mzima, na picha iliyochorwa juu yake hukaa imara. Taa za mbele zikififia na za nyuma zikiwaka, ukuta unayeyuka na yaliyo nyuma yake yanatokea. Kitambaa ni kilekile, kilichobadilika ni upande wa taa. Siri iko katika mwendo. Taa za nyuma zikiwahi, malaika wanaonekana wamesimama wakisubiri, na uchawi umekufa. Zikichelewa, okestra imeshafika kileleni na jukwaani hamna kitu. Humperdinck ameujenga muziki upande polepole kutoka katika sala ileile, ala zikiongezeka moja baada ya nyingine, ili mwenye kushika taa na mwenye kushuka ngazi wapate muda wa kwenda nao. Na baada ya kilele hakukata. Ameuteremsha taratibu mpaka usingizi.

Katika sehemu ya tatu umande unawaamsha watoto, ukungu unaondoka, na nyumba ya keki inaonekana, upande mmoja tanuri, upande wa pili kizimba, pamoja na ua uliotengenezwa kwa watoto wa keki. Mchawi ni nafasi iliyoandikwa kwa mezo-soprano, ingawa mara nyingi matenori wameichukua. Yeyote anayeiimba, mtihani wake ni kuanza kwa utamu. Mchawi anayeingia akitisha amemaliza kazi yake mlangoni, maana hakuna mtoto angemkaribia. Anapaswa kubembeleza, kulisha, kucheka, na tishio lichungulie kupitia kwenye ukarimu. Waongozaji wengine humpa mwimbaji mmoja nafasi mbili, ya mama na ya mchawi. Nawaelewa. Mama hakuwa na cha kulisha, na huyu analisha kupita kiasi. Njaa ileile imewapeleka watoto kwa wote wawili.

Kuruka kwake kwenye ufagio ni kazi ya waya na kapi, na mara nyingi anayeruka ni mwanasarakasi aliyevikwa mavazi yaleyale, mwimbaji akibaki chini akitunza pumzi. Kusukumwa tanurini kunataka mlango mpana, godoro upande wa pili, na mtu wa kumpokea. Watoto wanaimba waltzi ya ushindi, tanuri linalipuka kwa moshi na mwanga mkali, na ua wa keki unageuka watoto halisi, macho bado yamefumba, wakiomba kwa sauti ndogo waguswe. Humperdinck alikuwa amewafundisha wavulana wa kwaya ya Parsifal kule Bayreuth, na aliijua sauti hiyo kwa undani. Baada ya jioni nzima ya watu wazima wanaoigiza utoto, watoto wa kweli wanaimba kwa mara ya kwanza. Alizihifadhi sauti zao mpaka zilipohitajika.

Opera yenye maelekezo ya wazi namna hii ingeweza kugeuka desturi iliyoganda. Wapo waongozaji waliothubutu kuibadilisha. Richard Jones aliitengenezea kampuni ya opera ya Wales mwaka 1998, na onyesho hilo likafika jumba la opera la Metropolitan, New York, mwaka 2007. Aliisimamisha opera nzima juu ya njaa, kila sehemu ikiwa ni mahali pa kupikia au kulia. Msitu wake ni chumba cha chakula, na malaika wake 14 ni wapishi wenye vichwa vikubwa wanaowaandalia watoto karamu. Laurent Pelly huko Glyndebourne, Uingereza, mwaka 2008, aliwajengea familia nyumba ya maboksi ya karatasi, na mchawi akampa supamaketi iliyojaa rangi na sukari.

Nayaheshimu maonyesho hayo kwa sababu moja mahususi. Wapishi wa Jones wanaingia kwa mwendo wa muziki wa malaika, kwa subira ileile. Wanatandika meza kwa dakika zilezile ambazo Humperdinck aliwapa ngazi na mawingu, na mtoto mwenye njaa anayeota karamu anastahili heshima ileile anayostahili mtoto anayeota mbingu. Mwongozaji yuko huru kubadilisha sura ya kitu. Muda hawezi kuugusa. Akiona dakika tano zisizo na mwimbaji ni nyingi, akazijaza vichekesho na mbio, ameivunja opera hata kama kila malaika ana mabawa.

Jambo la mwisho ni msemo. Mwanzoni kabisa, Hänsel anapolia njaa, Gretel anamtuliza kwa maneno ambayo baba yao huyasema: dhiki ikifikia kilele chake, Mungu hunyoosha mkono. Sisi tunasema baada ya dhiki faraja. Anayasema kwa wepesi, msichana anayerudia ya wakubwa. Mwishoni wazazi wamewapata watoto wao, mchawi ametolewa tanurini akiwa keki, na maneno yaleyale yanaimbwa na wote, okestra nzima ikiwa chini yao. Uzito huo ni halali, kwa kuwa kati ya mara ya kwanza na ya pili tumeona jagi likivunjika, kikapu kikifika kimechelewa, na giza likiingia. Humperdinck hakuutoa ukubwa wa okestra yake bure. Aliungoja mpaka watoto waufikie kwa miguu yao.

Kila Desemba majumba ya opera ya Ujerumani huirudisha jukwaani, na kwa watoto wengi wa huko ndiyo opera ya kwanza maishani. Mtoto huyo hamjui Wagner, hajui shashi wala kapi, hajui kwamba mwangwi umeimbwa kabla ya wakati wake. Hana haja ya kujua. Kazi yake ni kumwogopa mchawi na kushangilia anaposukumwa tanurini. Kazi ya kujua mengine yote mafundi wameshamfanyia.